Jibu kwa msomaji wa Tanga: Trapped na mlango usiovunjika

Swali: "Mimi na kaka yangu tumegombana kwa sababu ya picha ya Kihindi inayoitwa Trapped. Tuliiangalia kwenye kibanda umiza cha mtaani, ile iliyotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Mimi imenikaa kichwani wiki nzima. Kaka anasema ni upuuzi mtupu: stelingi mmoja, adui hakuna, nyimbo hakuna, mtu mzima anashindwa na mlango, na mji mzima wa watu haumsikii akipiga kelele. Wewe unayechambua filamu, tuamulie. Na je, mwanangu wa miaka tisa anaweza kuiona?"

Dada yangu, kabla sijaamua ugomvi wenu niseme jambo litakalowaudhi wote wawili: picha hiyo hamjaiona yote. Macho yameiona, lakini masikio yamemsikia msimulizi. Sina neno na wasimulizi. Wengi wetu tumeijua sinema ya India kupitia koo zao, na kwenye picha ya ngumi au ya mama mkwe mkorofi wanaongeza utamu. Trapped ni jambo jingine. Kwa zaidi ya saa nzima mtu yuko peke yake kwenye vyumba vitupu, hana wa kuzungumza naye, na kinachobeba hadithi ni sauti: upepo, bomba lisilotoa maji, honi za magari huko chini, panya anayetembea gizani. Aliyezibuni sauti hizo, Anish John, alipata tuzo ya Filmfare, moja ya tuzo kubwa za sinema ya India, mwaka 2018 kwa kazi hiyo hiyo. Msimulizi akikaa juu ya kimya hicho na kukueleza kwamba "hapo jamaa keshachanganyikiwa", ile kazi iliyotuzwa imefunikwa yote. Tafuteni nakala yenye sauti yake ya asili na maandishi chini, mwiangalie usiku. Maneno ni machache, hamtapotea.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaiona: ni filamu ya Vikramaditya Motwane, iliyoandikwa na Amit Joshi na Hardik Mehta. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Mumbai Oktoba 2016, ikaingia kumbi za sinema Machi 2017. Shaurya, kijana mpole wa ofisini anayeishi chumba kimoja na wenzake, anampenda Noorie, na Noorie anakaribia kuozwa kwa mtu mwingine. Wakitaka kuoana, kwanza wawe na mahali pa kukaa. Shaurya hana hela ya kupanga nyumba ya maana Mumbai, na hana muda. Dalali mmoja wa mjini anampeleka kwenye jengo refu jipya lisilokaliwa na mtu, ghorofa ya 35, kwa bei inayolingana na mfuko wake. Asubuhi yake anatoka mbio, anakumbuka kitu, anarudi ndani mara moja, funguo zikiwa zimening'inia kwenye kitasa kwa nje. Mlango unajifunga. Simu inaishiwa chaji, umeme unakatika, maji hayatoki, na jengo zima halina mpangaji mwingine.

Kaka yako anasema adui hakuna. Hapo ndipo ninapotofautiana naye zaidi, maana kwa maoni yangu nguvu kubwa ya filamu hii ni kwamba adui ameonyeshwa dakika kumi za mwanzo na watazamaji wengi wanampita. Adui ni nyumba. Mumbai ina shida ya ajabu: watu wamebanana kiasi cha familia nzima kulala chumba kimoja, na papo hapo sensa ya India ya mwaka 2011 ilikuta takriban nyumba 480,000 mjini humo zikiwa tupu. Nyingine wenyewe wamezifungia wakingoja bei ipande. Nyingine ni minara iliyokwama kwa kesi, kwa deni, au kwa sababu mjenzi alijenga zaidi ya alichoruhusiwa na cheti cha kukaliwa hakikutoka. Wakazi wa majengo ya Campa Cola, mtaa wa Worli, wanaijua vizuri habari hiyo: kibali kilikuwa cha ghorofa tano, wajenzi wakapanda mpaka jengo moja likafika ishirini, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India ikaagiza zile za ziada zibomolewe huku watu wakiishi ndani kwa miaka mingi.

Kwa hiyo jengo tupu katikati ya mji uliojaa si uchawi wa mwandishi. Mtu wa Mumbai akiliona kwenye pazia anajua mara moja limetoka wapi. Na ndiyo maana dalali ana haraka, ndiyo maana hakuna karatasi ya maana, ndiyo maana hakuna anayejua kwamba Shaurya yumo. Yeye mwenyewe alikubali kutojulikana ili apate bei. Mtego ulianza kufungwa alipotoa hela, na mlango ulikuja kumalizia tu. Filamu haisimami kukuhutubia juu ya jambo hilo. Inakuonyesha kijana akihesabu noti na dalali akiangalia saa, basi. Mwongozaji mwingine angetuwekea hotuba hapo.

Sasa kelele. Kaka yako anauliza watu milioni kumi na mbili wanashindwaje kumsikia. Hili nalijibu kwa hesabu, maana waandishi hapa walikuwa sahihi kuliko wanavyopewa sifa. Mtu anayepiga ukelele kwa nguvu zake zote anatoa sauti ya takriban desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja kutoka mdomoni mwake. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli sita. Ghorofa 35 ni kama mita mia moja kwenda juu. Ukipiga hesabu, ukelele ule unafika chini ukiwa desibeli 50 hivi, yaani sauti ya mazungumzo ya chini chini, na unafikia barabara ambayo magari na honi peke yake yanapita 70. Hausikiki. Ongeza upepo wa bahari, ambao huko juu hauna adabu, ongeza mlinzi wa getini asiyesikia vizuri, na ongeza kwamba binadamu mjini haangalii juu. Shaurya anaandika mabango ya kuomba msaada, anawasha moto, anarusha vitu. Anawaona watu, wadogo kama sisimizi, wakivuka barabara. Yeye yuko katikati ya mji na ni kama yuko baharini.

Mahali pengine filamu inapostahili heshima ni kwenye mwili wa Shaurya. Anachezwa na Rajkummar Rao, na uchezaji wake ulimpa tuzo ya wahakiki ya Filmfare ya mwigizaji bora mwaka huo huo wa 2018. Alieleza kwenye mahojiano kwamba wakati wa kupiga picha alikuwa akiishi kwa karoti na kahawa isiyo na maziwa ili akonde kweli. Mimi huwa sishtuki na habari za waigizaji kujikondesha, imekuwa biashara ya matangazo. Kilichonishika hapa ni jinsi anavyobadilika tabia polepole. Mwanzoni ni mtu wa aibu hata peke yake: anapiga kelele kisha ananyamaza, kama anayeogopa kusumbua majirani asiokuwa nao. Anaogopa panya. Halafu ni mtu asiyekula nyama, na hilo kwa India si suala la mlo tu, ni malezi, ni dini ya nyumbani, ni mama yako. Kwa hiyo anapotengeneza manati na kumlenga njiwa, mtazamaji wa huko anaelewa kwamba kijana huyu anavuka mstari aliochorewa tangu utotoni. Sisi tunaona mtu anatafuta kitoweo. Rao hakulia wala hakutoa macho. Anatafuna kama anayefanya kosa mbele ya wazee.

Na panya. Sitaki kuwaharibia wengine, lakini uhusiano wa Shaurya na yule panya ndio mazungumzo bora ya filamu nzima, na mmoja wao hasemi.

Kuhusu nyimbo na urefu, kaka yako amelelewa kama sisi sote wa pwani. Tangu enzi za Awaara na Mother India, picha za Kihindi zilipojaza kumbi za Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam siku za Jumapili, tumezoea kwamba ukikata tiketi unapewa vyote: mapenzi, kilio, kichekesho, ngumi, dansi, na mapumziko ya kununua karanga. Motwane alitoa filamu ya saa moja na dakika arobaini na kidogo, isiyo na dansi, na akataka ionyeshwe bila mapumziko, jambo ambalo wenye kumbi India hawalipendi kwa kuwa mapumziko ndipo vitafunio vinapouzwa. Alikuwa na haki. Huwezi kumfungia mtazamaji ndani na Shaurya kisha ukamfungulia mlango akanywe soda. Ila naelewa uchungu wa kaka: alikwenda kula pilau akapewa maji ya kunywa, na hakuna aliyemwambia mapema.

Sasa tuje kwenye mlango, maana hapo kaka yako ana hoja, tena hoja nzito. Aliyekuwa bado hajaiona filamu aruke aya hii na inayofuata.

Mlango wa nyumba kwa kawaida hufunguka kwa ndani, na fremu yake inauzuia usiende nje. Polisi wa kwenye sinema wanaovunja mlango kwa teke wako upande wa nje, wanausukuma kuelekea unakofungukia. Aliye ndani anasukuma fremu nzima na ukuta. Hilo linamtetea Shaurya kwa sehemu, pamoja na kwamba hana nyundo wala tindo, na njaa inammaliza kila siku. Ila filamu yenyewe haikuifanya kazi hiyo ya utetezi. Kitasa kile ndicho kilichobeba hadithi nzima, na tunakiona kwa haraka mno. Ningependa dakika tatu za Shaurya na kitasa peke yao, tuone kimekwama vipi, tuone bawaba ziko wapi, tuone kila anachojaribu kikishindikana kwa sababu tunayoielewa. Badala yake tunapewa mateke, mabega, machozi, halafu kamera inahamia kwenye roshani na mlango unasahaulika.

Na hapo ndipo panapouma. Baadaye mtu huyu huyu, amekonda, amedhoofika, anaweza kupambana na nondo za roshani mpaka zikampa njia. Nondo! Kama ana akili na subira ya kushinda chuma, kwa nini asiirudie mbao ya mlango kwa subira ile ile? Jibu lipo, ukitaka kulitafuta: mwanzoni alikuwa na nguvu lakini hana subira, mwishoni ana subira. Ni jibu zuri, tena linaendana na mabadiliko ya mhusika. Lakini mtazamaji ndiye anayelitoa, waandishi hawakulitoa. Katika filamu ya aina hii, ambayo raha yake yote ni kumwona mtu akifikiri kwa mikono, tundu kama hilo si dogo. Ukishaliona, kila dakika inayopita unamuuliza Shaurya swali ambalo filamu haitaki kulisikia.

Udhaifu wa pili ni Noorie. Geetanjali Thapa, anayemcheza, ni mwigizaji hodari, na zile dakika chache za mapenzi mwanzoni zina uhalisi: simu za ofisini, aibu, vicheko. Ila zimekimbizwa. Noorie yupo ili kutoa sababu ya haraka, na mlango ukishafungwa anabaki kuwa kumbukumbu na ndoto. Hatujui anafikiri nini mchumba wake alipopotea asubuhi ya siku waliyopanga. Amemlaani? Amemtafuta? Ni mwanamke aliyehatarisha jina lake nyumbani kwao, na filamu inamrudia mwishoni kama mtu anayekamilisha hesabu. Motwane alichagua kamera isitoke na Shaurya asipotoka, na uchaguzi huo naukubali kwa moyo mmoja. Lakini kama hutatoka tena nje, basi yale ya nje uyapande vizuri kabla hujafunga. Robo saa ya mwanzo ingeongezwa hata dakika tano, mwisho ungekuwa na uzito mara mbili.

Ndugu zake, wenzake wa chumbani, bosi wa ofisini: hakuna anayemkumbuka? Hili linanisumbua kidogo tu. Aliaga kienyeji, aliondoka kwa siri, na mji mkubwa unameza watu. Mtu anaweza kupotea wiki kadhaa Mumbai, kama anavyoweza kupotea Nairobi, kila mmoja akidhani yuko kwa mwingine.

Linalonisumbua zaidi ni bahati mbaya. Bahati mbaya ya kwanza, ya mlango, tunaikubali, bila hiyo filamu hakuna. Ya simu, sawa. Ya umeme, sawa, jengo halijakamilika. Lakini katikati ya filamu msaada unakaribia kufika kisha unageuka njiani, na unahisi mkono wa mwandishi ukimvuta mtu arudi nyuma kwa sababu bado zimebaki dakika arobaini. Sehemu hiyo ya kati imekuwa na mtindo mmoja: anabuni kitu, kinakaribia kufaulu, kinashindwa, giza, asubuhi. Mhariri Nitin Baid, ambaye naye alitoka na tuzo ya Filmfare, ameibeba kwa ustadi, anakata kabla hujachoka. Hata hivyo utachoka mara moja au mbili. Wengine watakwambia uchovu huo umekusudiwa, ili uonje anachoonja Shaurya. Mimi sinunui utetezi huo. Filamu nzuri ya kunusurika inaweza kukuonyesha kuchoka bila kukuchosha.

Suala la maji limeshughulikiwa vizuri. Binadamu huenda siku tatu hivi bila maji, kwenye joto la Mumbai pengine pungufu, lakini bila chakula anaweza kwenda wiki kadhaa. Waandishi wanalijua hilo na wamelipanga: kiu kwanza, tena kali, mpaka mkojo, kisha mvua, kisha njaa inachukua nafasi. Mvua inapokuja, na Shaurya anahangaika kutega kila chombo alichonacho, ni dakika ya furaha tupu, na naamini hata kaka yako alitabasamu hapo ingawa hatakubali. Nani hajawahi kutega ndoo chini ya bati? Na hapo filamu haikusema uongo: mvua ya Mumbai ya kati ya Juni na Septemba haina kunyunyiza, inamwaga.

Mkitaka kupima kama uchaguzi wa Motwane ulikuwa sahihi, angalieni Mili ya mwaka 2022, iliyotokana na filamu ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, inayoitwa Helen ya mwaka 2019. Zote mbili zimeongozwa na mtu mmoja, Mathukutty Xavier. Huko msichana anayefanya kazi mgahawani anafungiwa kwenye chumba cha kugandishia vyakula. Tofauti na Trapped, kamera inatoka: tunamwona baba akihangaika, tunawaona polisi wakipoteza muda kwa dharau zao, tunajua nani anampenda na nani kamsaliti. Kaka yako ataipenda zaidi, nina uhakika wa karibu. Ina adui, ina machozi, ina mbio dhidi ya saa, na kila mtu ana sababu. Mimi nabaki na Trapped, pamoja na mlango wake. Katika Mili najua muda wote kwamba kuna watu wanamtafuta, na hofu inapungua makali. Shaurya hatafutwi na yeyote, na baada ya muda yeye mwenyewe anaelewa hivyo. Kilichokukaa kichwani wiki nzima, dada, nadhani ni hicho.

Kama nitalazimishwa kutoa alama: nane kwa kumi kwa uigizaji na sauti, sita kwa hadithi, nne kwa kitasa.

Mtoto wa miaka tisa, hapana. Filamu haina matusi ya kutisha wala mambo ya chumbani ya kukufanya uzime televisheni, ila kuna damu, kuna mtu anakunywa mkojo wake, anakula wadudu, anamwua njiwa kwa mikono yake, na kuna nyakati anakata tamaa kwa namna ambayo mtoto hana pa kuiweka. Tena watoto wa umri huo bado wanajifungia vyooni na vyumbani kwa bahati mbaya, ataota hilo mwezi mzima. Mngojeze afike miaka kumi na tatu au kumi na nne, na siku hiyo kaa naye. Akiuliza kwa nini hakuuvunja mlango, mwite mjomba wake.